Muhuri Haukopeshwi

Fundi Cheche alikuwa mtu wa kushuku, na tusimlaumu, kwa sababu ni kazi iliyomfundisha. Alichomelea mabomba kwa miaka ishirini na sita katika kiwanda cha gesi ya haidrojeni, na moto wa haidrojeni, mchana wa jua, hauonekani. Hauna moshi wala rangi ya kukuonya. Ndiyo maana mafundi wa zamani wakiingia banda la mabomba walitembea na ufagio wa majani, wameunyoosha mbele, hatua moja, hatua nyingine, macho kwenye ncha. Ufagio ukishika moto ghafla bila sababu, wewe unasimama hapo hapo, unamshukuru Mungu kwamba haikuwa pua yako. Baadaye vililetwa vifaa vya kupiga kelele gesi ikivuja, lakini vifaa huharibika, na ufagio hakuna aliyewahi kuuona umeharibika. Sasa mtu aliyetembea nyuma ya ufagio miaka yote hiyo, unategemea amwamini nani?

Ulikuwa mwaka wa pili tangu astaafu, na kwa kuwa hakuwa tena na bomba la kulishuku, alihamia kwenye vitu vya nyumbani. Alishuku mizani ya muuza nyama. Alishuku dawa ya mbu kwamba imeongezwa maji. Alishuku simu yake kwamba inamsikiliza. Mkewe alimwambia siku moja, "Mume wangu, wewe hata ukiota ndoto nzuri unaamka kuangalia kama mlango umefungwa." Naye akamjibu kwa msemo alioupenda kuliko yote: "Kikulacho ki nguoni mwako." Aliusema karibu kila siku, na kila alipousema alitazama nguo za wenzake.

Kwa hiyo mtafiti alipobisha hodi asubuhi moja, viatu vimejaa vumbi, kabrasha kifuani na tabasamu pana usoni, tabasamu lile lilimharibia kabla hajafungua mdomo.

Mtaa mzima ulimjua. Kwa miaka mitatu mama huyo wa chuo kikuu alikuwa akizunguka ndani ya kiwanda na nje ya uzio, amebeba kisanduku chenye mpira mrefu. Kisanduku kilinusa hewa na kuandika mna haidrojeni kiasi gani. Watu wakakiita kinusi, na mwenye nacho wakamwita Mama Kinusi. Aliposikia alicheka, akaitikia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mzee. Nimekuja kukuomba kazi uifanye, na malipo yapo."

"Ndiyo yale yale," alisema fundi. "Wasiouza ndio wenye bei kubwa."

Mkewe alimpita mlangoni, akamkaribisha mgeni, akaleta chai. Mama Kinusi alieleza haja yake bila kuzunguka.

"Tumepima miaka mitatu. Tumeandika makala mbili kwenye majarida ya wataalamu. Unajua zimesomwa na watu wangapi?"

"Wangapi?" aliuliza mke wa fundi.

"Kumi na wanne. Na watano kati yao ndio sisi tulioandika."

Mke wa fundi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Fundi hakucheka. Alikuwa bado anasubiri kusikia bei.

Habari ilikuwa hivi. Mfuko mmoja wa ufadhili ulikuwa umempa mama huyo fedha, si za kupima tena, bali za kutoa yaliyopimwa nje ya kuta za chuo na kuwapelekea wanaoishi jirani na kiwanda na wanaofanya kazi ndani yake. Yangefanyika maonyesho kwenye ukumbi wa mtaa, picha kubwa ukutani, na watu waulize wanachotaka. Wafadhili walisisitiza jambo moja: apatikane mtu wa kazi, asiye wa chuo, apitie kila neno na kila picha.

"Na jina langu kakupa nani?" aliuliza fundi, jicho moja limekuwa dogo.

"Mafundi wote niliowauliza. Wanasema ukitaka maneno ya mabomba mwendee Fundi Cheche. Miaka ishirini na sita, mshono wake haujawahi kuvuja."

Sifa ni tamu hata kwa mwenye shaka. Fundi alijiweka vizuri kwenye kiti, akasema basi tusikie hayo maneno.

Mama Kinusi akafungua kabrasha. "Haidrojeni ikivuja inapanda juu haraka. Watu walidhani ikishapanda imekwisha. Kumbe huko juu inashindania radikali za haidroksili, hivyo inarefusha muda wa methani katika..."

"Simama hapo hapo. Radikali ni nani?"

"Ni chembe zinazosafisha hewa, mzee. Zinaondoa gesi zinazoleta joto."

"Basi sema wafagiaji."

"Ahaa," alidakia mkewe. "Yaani huko juu kuna wafagiaji, halafu hii haidrojeni inakuja kama mgeni, inawashika mazungumzo, na uchafu unabaki pale pale. Mdogo wangu akija hapa ndivyo anavyonifanya. Sifagii mpaka aondoke."

Mama Kinusi alimgeukia. "Mama, jambo hilo mimi nimeliandika kwa kurasa tisa," alisema, akachukua kalamu.

Huyo mdogo wake aliyetajwa kwa mzaha alikuwa shemeji yake fundi, mkuu wa kitengo cha mabomba kiwandani pale pale, mtu wa shati jeupe na funguo nyingi kiunoni. Mshikeni huyo akilini, kwa maana anarudi.

Fundi aliomba kuiona barua ya ufadhili. Aliisoma kwa miwani, akaisoma bila miwani, akaipeleka dirishani akaiangalia kwa mwanga kama noti. Masharti mawili yalimkaa kooni. La kwanza, wafadhili wasingeyaona maonyesho kabla ya wananchi, wala wasingebadilisha kitu. La pili, siku yenyewe, mshauri kutoka nje ya chuo atie saini karatasi yenye maneno haya: *Nathibitisha kwamba sijui jambo lolote kuhusu uvujaji huu ambalo wananchi hawajaonyeshwa.*

"Karatasi hii imeandikwa na mtu aliyewahi kudanganywa," alisema fundi, na kwa hilo alimpenda kidogo huyo mwandishi asiyemjua. Kisha akamshuku zaidi. Mtu anatoa fedha zake, halafu hataki hata kuangalia? Yeye mwenyewe akinunua nyanya huzigeuza moja moja. Akaikubali kazi, na sababu aliyojipa ni kwamba ataingia ndani ajue nani hasa analipa na anataka nini.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa shemeji. Fundi alimvizia kwenye lango la kiwanda wakati wa kubadilishana zamu.

"Shemeji, hizi fedha za Mama Kinusi, ni kiwanda kinazitoa kwa mlango wa nyuma?"

"Fedha gani?"

"Za maonyesho. Ataweka picha za mabomba ukumbini."

Funguo zikaacha kulia kiunoni. "Picha za wapi?"

Fundi alilibeba swali hilo mpaka nyumbani. Mtu mwingine angeuliza maonyesho ni lini, au kuna soda. Huyu aliuliza picha za wapi. Na siku mbili baadaye shemeji akatokea nyumbani na mkate na kilo mbili za sukari, mtu ambaye kwa kawaida sukari huja kuiomba. Alikaa, akasifia chai, akasema, "Lakini shemeji, hilo neno kuvuja ni kali. Si mseme hewa kidogo hupotea? Kisha wewe umestaafu. Kula pensheni yako kwa amani. Mambo ya Mama Kinusi mwachie mwenyewe."

Alipoondoka fundi alimgeukia mkewe. "Mdogo wako kuna kitu anakificha. Kiwanda kimemnunua yule. Na mimi nakwambia, kikulacho ki nguoni mwako."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. "Ndivyo wanavyosema," alijibu, akaendelea kukunja.

Wiki ya pili kazi ilihamia chuoni, kwenye chumba kirefu chenye meza mbili na mashine ya kuchapa mabango. Fundi alianza kupazoea, ingawa asingekubali. Walibishana kila neno. Mama Kinusi akiandika "kiwango cha utoaji wa fukizo" fundi anafuta, anaandika "gesi inayotoroka." Alitoa hata ufagio wake wa zamani utundikwe ukumbini, na chini yake wakaandika kazi yake. Siku ya mwisho mama yule akavuta bango kubwa kuliko yote, refu kama mlango, uso wake unang'aa.

"Hili sijakuonyesha, mzee. Nililiweka la mwisho. Hii ndiyo sehemu iliyovuja kuliko zote tulizopima. Nilipaka povu la sabuni, kama mlivyokuwa mkifanya nyinyi, nikapiga picha. Namba watu wataisahau, lakini povu kila mtu analijua."

Ilikuwa picha ya kiungo cha bomba, na povu limevimba juu ya mshono. Pembeni ya mshono, kwenye chuma, palikuwa na namba iliyogongwa kwa nyundo. Kumi na saba. Na chini ya picha mama yule, kwa herufi nzuri nene, alikuwa ameandika: KIUNGO NAMBA 17.

Hapa inabidi msomaji aelewe jambo ambalo kila mchomeleaji analijua na ambalo profesa hana mahali pa kulijulia. Namba ile si ya kiungo. Ni ya mtu. Fundi akifaulu mtihani wa kuchomelea hupewa muhuri wa chuma, kijiti kifupi chenye namba kwenye ncha, na kila akimaliza mshono huuweka pembeni na kuugonga. Ni saini yake. Mshono ukivuja baada ya miaka thelathini, wanaangalia namba na wanajua wakamuulize nani. Kwa hiyo muhuri haukopeshwi. Mke unaweza kugombana naye, nyumba unaweza kuipangisha, muhuri unalala nao. Na namba kumi na saba ilikuwa ya Fundi Cheche. Kila mwanamume pale mtaani aliyewahi kushika chombo cha kuchomelea angeisoma kutoka mlangoni.

Fundi aliisoma namba ile mara mbili. Kisha, kama kawaida yake, akatafuta wa kumshuku.

"Nani kakutuma kwangu?"

"Mzee?"

"Umenitafuta kwa makusudi. Ulijua tangu siku ya kwanza. Ulikuja kunywa chai yangu ukijua."

"Nilijua nini?" Mama Kinusi aliweka bango chini. Alimtazama yeye, akatazama picha, akarudi kwake, na usoni mwake hamkuwa na kitu kingine ila kutoelewa. "Nimekosea neno? Si ndiyo namba ya kiungo hiyo?"

Fundi alimchunguza sana. Hakupata kitu. Hilo ndilo lililomuudhi.

"Kata hapo pembeni," alisema hatimaye. "Hiyo namba inaharibu picha. Andika kiungo kinachovuja, inatosha."

"Nitakata." Akachora mstari pembeni ya picha. "Ungenieleza sababu ningejifunza, mzee."

"Haipendezi."

"Sawa. Maneno na picha ni juu yako, ndivyo tulivyokubaliana." Na hakuuliza tena. Laiti angeuliza, fundi angepata cha kumshuku.

Njiani kurudi alisikia nafuu, halafu nafuu ikamwisha kabla hajafika nyumbani. Maana kuna jambo jingine aliloliona kwenye picha ile. Namba ilikuwa yake, mkono haukuwa wake. Mshono wake yeye hulala chini, mistari imebanana. Ule umevimba katikati na kukonda pembeni, kazi ya mtu anayeharakisha. Aliujua mkono ule. Ulikuwa wa shemeji.

Ilikuwa miaka kumi na mmoja nyuma. Kiwanda kilikuwa kinaongeza njia mpya ya mabomba kwa haraka, na shemeji, wakati huo kibarua, alikuwa amefeli mtihani wa kuchomelea mara mbili. Bila muhuri hakuna kazi, na mke wa shemeji ana mimba. Dada mtu alilia siku tatu nyumba nzima. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Fundi alichelea kilio cha mke. Wiki ile macho yake yalikuwa yameungua kwa mwanga wa kuchomelea, amelala kitambaa usoni. Akauchomoa muhuri chini ya mto, akamwekea shemeji mkononi. Zamu moja tu, alisema. Kwenye daftari la kiwanda namba kumi na saba ilikuwa kazini siku hiyo. Jioni shemeji aliurudisha. "Viungo vitatu tu, shemeji. Kimoja uwanjani, viwili juu ya dari ya chumba cha kompresa." Mwezi uliofuata alifaulu mtihani, akapata muhuri wake, akapanda cheo mpaka shati likawa jeupe. Hawakulitaja tena.

Kwa hiyo shemeji hakuwa amenunuliwa na mtu. Alikuwa anaogopa tu, na sasa fundi alikuwa anaogopa pamoja naye. Lakini Mama Kinusi alikuta kimoja tu, cha uwanjani, ambako gesi inapanda na kwenda zake kuwashika wafagiaji mazungumzo. Viwili vilikuwa juu ya dari ya chumba hicho cha mashine za kushindilia gesi, ambako kinusi hakikuruhusiwa kupita na gesi haina pa kwenda. Kama mkono uleule ulivifanya zamu ileile, navyo vinavuja. Chini yake wanapita watu, na juu ya dari hakuna anayetangulia na ufagio.

Siku tatu fundi hakula vizuri. Mkewe hakumuuliza kitu, na hilo nalo alilishuku.

Jumamosi ya maonyesho ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Fundi aliingia mapema akaenda moja kwa moja kwenye bango kubwa, akiwa karibu na hakika kwamba atakuta namba bado ipo. Haikuwapo. Pembeni pamekatwa vizuri, povu limebaki. Mama Kinusi alikuwa ametimiza neno lake. Akamletea fundi karatasi ya saini, iliyokunjwa mara mbili.

"Ukiwa tayari, mzee. Hakuna haraka."

Akaitia mfuko wa shati. Mfuko wa suruali ulikuwa na kitu kingine, ambacho alikitoa kwenye sanduku asubuhi bila kujua sawasawa kwa nini.

Watu walizunguka, walisoma, walicheka mbele ya picha ya wafagiaji wa angani walioshikwa mazungumzo na mgeni asiyejua kuaga. Mke wa fundi alisimama pale akiwaambia wenzake kwamba maneno hayo ni yake. Mafundi waliokesha kwenye zamu ya usiku walikaa mstari wa mbele. Meneja wa kiwanda alikuja na tai, na nyuma yake shemeji, bila funguo leo. Wakaketi wote, yakaanza maswali.

"Kiungo hiki cha povu," aliuliza muuza duka mmoja, "ni hicho tu, au kuna vingine?"

"Nilikopita nilikuta kimoja kibaya namna hii," alijibu Mama Kinusi. "Juu ya madari sikuruhusiwa. Kwa hiyo sijui, na siwezi kusema najua."

Meneja alisimama nusu. "Hicho tumeshakifunga. Vingine hakuna. Mkuu wa mabomba yuko hapa." Shemeji aliinamisha kichwa, ikaonekana kama amekubali.

Fundi mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mimi ndiye nafanya kazi chini ya hayo madari. Nilikuja hapa nina wasiwasi. Lakini naona imeandikwa maneno yamepitiwa na Fundi Cheche. Kama mzee ameangalia, basi mimi nimeridhika." Wenzake wakaitikia.

Laiti wangemshuku. Maisha yake yote hakuna aliyemshuku yeye, na sasa aliona ni kwa nini watu wanahitaji kushukiwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akasimama.

"Msiridhike," alisema.

Ukumbi ukageuka. Fundi akatoa muhuri mfukoni, akauinua. Kuanzia mstari wa mbele mafundi waliutambua, na mmoja akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo.

"Pale pembeni ya picha palikuwa na namba. Huyu mama hakujua ni nini. Mimi nilimwambia akate. Ilikuwa kumi na saba." Akaugeuza muhuri waione ncha. "Muhuri huu ni wangu, na haukopeshwi. Niliukopesha. Zamu moja, miaka kumi na mmoja iliyopita. Msiniulize kwa nani. Mwenye namba ndiye mwenye kiungo, kwa hiyo viungo hivyo ni vyangu. Viko vitatu. Kimoja mnakiona. Viwili viko juu ya dari ya kompresa, upande wa ukuta wa kaskazini. Karatasi hii," akaipapasa kifuani, "nilikuwa siwezi kuitia saini. Sasa naweza."

Meneja alikuwa amesimama kamili, mdomo wazi. Mama Kinusi alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. Fundi akamgeukia amwombe hiyo kalamu.

"Vinne."

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Fundi aliijua kabla hajageuka, kwa kuwa ameishi nayo miaka thelathini na minne.

"Umesema vitatu, mume wangu," alisema mkewe. Alikuwa amesimama, mikono ameishika pamoja tumboni. "Vilikuwa vinne. Nimejua muda wote. Alikuja kunililia mimi, kwa sababu wewe alikuogopa, akaniapisha." Kisha akamtazama mtu mwenye shati jeupe. "Mdogo wangu, nimekubebea miaka kumi na mmoja. Simama. Cha nne waambie mwenyewe kiko wapi."

Fundi alimwangalia mwanamke yule aliyekunja nguo mbele yake siku zote hizo. Mizani ya nyama alikuwa ameishuku. Simu alikuwa ameishuku. Hata msemo wake haukumjia.

Shemeji alisimama taratibu. Hakumtazama meneja, alimtazama yule fundi wa mstari wa mbele.

"Juu ya chumba cha kulia," alisema. "Juu ya dari, palipo meza ndefu. Kile nilikiharibu, nikakigonga hivyo hivyo kwa sababu zamu ilikuwa inakwisha. Nilipokuwa mkuu nikataka kukirudia. Lakini kufungua dari ni kusimamisha kiwanda, na kusimamisha kiwanda ni kueleza kwa nini."

Macho yote yakaenda kwenye saa ya ukutani. Saa sita na dakika kumi. Kila fundi pale ndani alijua zamu ya mchana inakaa kula saa sita na nusu, na kwamba mtu wa kwanza kuingia ndiye anayewasha jiko la chai.

Meneja alikuwa tayari anapiga simu, na simu upande wa pili inaita bila kupokelewa. Mafundi wa mstari wa mbele waliruka viti. Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya barabara, dakika tano kwa mwendo wa haraka. Fundi Cheche alikwenda ukutani, akauchomoa ufagio wake kwenye msumari, bango la maelezo likaanguka.

Shemeji alikuwa amemfikia, jasho limelowesha shati. Akanyoosha mkono. "Nipe mimi nitangulie, shemeji. Ni changu."

Fundi aliutazama mkono ule. Ulikuwa umenyooka vilevile kama ulivyonyooka siku ile kando ya kitanda chake.

"Wewe nionyeshe mahali," alisema. "Huu sikukopeshi."

Akatoka mbele yao kwenye jua kali la mchana, ufagio ameunyoosha.